Yote au Hakuna: Jinsi Seva Zilivyojifunza Kutopoteza Pesa Yako

Leo tuache simu mpya na programu mpya, tuongee historia kidogo. Najua wengine mtasema historia mliiacha shule ya upili, lakini vumilieni, kwa sababu hii ni historia ya pesa zenu.

Chukua mfano. Una shilingi 2,300 kwenye simu. Unamtumia mama shilingi 500. Mahali fulani kuna seva ambayo lazima ifanye mambo mawili: itoe 500 kwako, kisha iongeze 500 kwa mama. Haiwezi kuyafanya yote kwa mpigo mmoja. Inafanya la kwanza, halafu la pili. Sasa stima zikipotea hapo katikati, baada ya la kwanza na kabla ya la pili, hiyo 500 iko wapi?

Kwako haiko. Kwa mama haijafika. Imepotea tu.

Swali hili limesumbua vichwa vya watu kwa zaidi ya miaka sitini, na majibu yao ndiyo yanayoshikilia benki, sacco, mashirika ya ndege na M-Pesa hadi leo. Nilipokuwa chuo kikuu tulifundishwa majibu hayo kama herufi nne za kukariri kabla ya mtihani. Hakuna aliyetuambia yalitoka wapi. Baada ya kuanza kazi ya kuandika programu za upande wa seva ndipo nilipoanza kufuatilia, na nimegundua kwamba hadithi yenyewe inafundisha kuliko zile herufi.

Mwanzo: viti vya ndege

Mwaka wa 1953, C. R. Smith, mkuu wa shirika la ndege la American Airlines, alikuwa safarini kutoka Los Angeles kwenda New York. Karibu naye aliketi mfanyakazi wa kampuni ya IBM aliyeitwa R. Blair Smith. Majina yalifanana, wakaanza kupiga gumzo.

Shida ya Smith wa ndege ilikuwa hii: kushughulikia ombi moja la tikiti kulichukua wastani wa dakika 90. Kulikuwa na kabati la kuzunguka lililojaa kadi, kila safari na kadi yake. Wafanyakazi wanane waliketi kulizunguka wakitafuta kadi na kuziwekea alama. Shirika lisingeweza kukua zaidi, kwa sababu watu waliotoshea kuzunguka kabati hilo walikuwa wanane tu!

Mazungumzo hayo yalizaa mfumo ulioitwa SABRE. Mwaka wa 1960 kompyuta mbili aina ya IBM 7090 ziliwekwa Briarcliff Manor, jimbo la New York, na kufikia 1964 kazi yote ya kuhifadhi viti ilikuwa imehamia huko. Mfumo uliweza kuhudumia simu 83,000 kwa siku.

Ona hapo: kompyuta mbili. Moja ilifanya kazi na nyingine ilikaa tayari, ikingoja ya kwanza ianguke. Na ona shida mpya iliyozaliwa. Karani wa Chicago na karani wa Dallas wanaweza kuuza kiti kimoja cha mwisho katika sekunde ile ile. Zamani kadi ilikuwa moja, aliyeishika ndiye aliyeuza. Ndani ya kompyuta lazima mtu aandike sheria ya nani anashika kadi kwanza na nani anangoja. Hii ndiyo kazi ambayo sisi waandishi wa programu za seva tunaifanya hadi leo, hata kama siku hizi "kadi" ni safu moja kwenye hifadhidata.

IBM iliendelea. Mnamo 14 Agosti 1968, kwenye kiwanda cha Downey, California, kilichohusika na mradi wa Apollo wa kwenda mwezini, mfumo wa IMS ulionyesha neno moja kwenye kituo cha kazi: tayari. Kazi yake ilikuwa kufuatilia vipuri vya chombo cha anga. Mwaka uliofuata, 1969, ikaja CICS. Mifumo hii miwili bado inauzwa na bado inatumika na mabenki. Sisi tunaona programu ya miaka mitano ni mzee.

Mtu aliyelipa jambo hili jina

Lakini hadi hapo kila mfumo ulikuwa na ujanja wake wa kujikinga. Aliyekuja kukusanya ujanja huo na kuufanya elimu ni Mmarekani aitwaye Jim Gray, aliyezaliwa San Francisco mwaka wa 1944. Miaka ya sabini alifanya kazi IBM kwenye utafiti wa hifadhidata.

Wazo lake kuu ni muamala. Muamala ni kifurushi cha kazi ambacho lazima kitendeke chote au kisitendeke kabisa. Hakuna nusu. Gray alipenda kulinganisha na mkataba au ndoa. Mpaka wote wawili wakubali mbele ya msimamizi, hakuna ndoa. Wakishakubali, hakuna kusema "nilikuwa nimeoa nusu".

Sasa kompyuta inatimizaje ahadi hiyo wakati stima zinaweza kupotea muda wowote? Jibu analijua kila mweka hazina wa chama: andika kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hifadhidata inafuata maneno hayo bila mzaha. Kabla ya kugusa salio lolote, inaandika kwenye daftari lake lililo kwenye diski:

Muamala 71 umeanza.
Muamala 71: salio lako lilikuwa 2,300, litakuwa 1,800.
Muamala 71: salio la mama lilikuwa 150, litakuwa 650.
Muamala 71 umekamilika.

Stima zikipotea na kurudi, jambo la kwanza ambalo hifadhidata inafanya ni kusoma daftari. Ikikuta muamala ulioandikwa "umekamilika", inahakikisha masalio yote mawili yamebadilika, na kama hayajabadilika inayabadilisha. Ikikuta muamala ulioanza bila kukamilika, inarudisha masalio yalivyokuwa. Basi ile 500 haina pa kupotelea. Ama iko kwako, ama iko kwa mama. Mstari mmoja tu, ule wa mwisho, ndio unaoamua.

Gray aliandika kuhusu mambo haya mwaka wa 1978 na tena 1981. Mwaka wa 1983 Wajerumani wawili, Theo Härder na Andreas Reuter, wakayapa sifa zake nne jina la ACID. Hizo ndizo herufi tulizokariri: muamala uwe mzima usiogawanyika, uache hesabu zikiwa sawa, usiingiliwe na mwingine, na ukishakamilika udumu.

Kwa nini kompyuta husimama?

Daftari linakuokoa baada ya kuanguka. Lakini je, unaweza kuzuia kuanguka kwenyewe?

Mwaka wa 1974 James Treybig alianzisha kampuni ya Tandem huko California akiwa na lengo hilo. Kompyuta zake ziliitwa NonStop, yaani zisizosimama, na ya kwanza ilipelekwa kwa Citibank mwaka wa 1976. Ndani yake kila kitu kilikuwa viwili au zaidi: prosesa, njia za mawasiliano, vyanzo vya umeme. Hata programu ziliendeshwa kwa jozi. Moja ilifanya kazi huku ikimpa mwenzake habari kila mara, na ikifa, mwenzake aliendelea pale alipoachiwa.

Gray alihamia Tandem mwaka wa 1980. Mwaka wa 1985 akatoa ripoti fupi iliyouliza swali rahisi: kwa nini kompyuta husimama? Alichukua kumbukumbu za hitilafu za mashine za wateja, zaidi ya 2,000, na kuhesabu.

Ungetegemea vyuma viongoze, sivyo? Vyuma vilisababisha asilimia 18 tu. Programu, asilimia 25. Mazingira kama umeme na mawasiliano, asilimia 14. Walioongoza ni watu! Asilimia 42 ya kusimama kulitokana na usimamizi: mtu aliyebadilisha mpangilio, aliyefanya matengenezo, aliyebonyeza mahali pasipofaa. Ushauri wake haukuwa kuwafokea watu hao. Alisema mfumo uwe rahisi kuendesha, ujipange wenyewe, na umpe binadamu nafasi chache za kuugusa.

Ripoti hiyo ina jambo lingine ambalo kila mwandishi wa programu anafaa kulijua. Gray aligawa kasoro za programu katika makundi mawili na kuyapa majina ya wanafizikia. Kasoro za Bohr ni ngumu kama jiwe: ukirudia hatua zile zile, zinatokea tena. Hizo hukamatwa wakati wa majaribio. Kasoro za Heisenberg hutokea leo, ukienda kuzitazama hazipo. Zinatokana na mambo kukutana vibaya kwa sekunde moja. Alipochunguza hitilafu 132 za programu moja, alipata moja tu ya aina ya kwanza. Zilizobaki zote zilikuwa za Heisenberg.

Maana yake ni kubwa. Kama kasoro nyingi zinazosalia kazini ni za kupita, basi dawa yake ni kuanza upya na kujaribu tena. Ndiyo maana "zima halafu uwashe" hufanya kazi mara nyingi, na si uchawi. Lakini kujaribu tena kunakubalika tu ikiwa jaribio la kwanza halikuacha nusu ya kazi mezani. Yaani muamala na kujaribu tena ni ndugu wawili. Ukimchukua mmoja bila mwenzake utaumia.

Java inaingia, na makaratasi yake

Miaka ya tisini intaneti ilifika. Ghafla kila shirika lilitaka kuwa na seva zenye uimara wa benki, lakini bila waandishi wa programu wa kiwango cha Tandem. Kampuni ya Sun ikaleta jibu lililoitwa Enterprise JavaBeans mwaka wa 1998, likaingizwa ndani ya J2EE mnamo Desemba 1999. Ahadi ilikuwa nzuri: wewe andika kazi ya biashara, seva itakushughulikia miamala, usalama na mawasiliano.

Shida ilikuwa makaratasi. Ili kuandika kitu kimoja kidogo, ulihitaji faili za Java kadhaa pamoja na faili ndefu ya XML ya kuyaeleza yote. Kupima programu bila kuwasha seva nzima ilikuwa taabu. Watu walianza kuamini kwamba uimara lazima uwe mzito.

Mwaka wa 2002, Rod Johnson kutoka Australia alichapisha kitabu akionyesha kwamba si lazima. Mfano wa msimbo aliouweka humo ukakua kuwa Spring, iliyotoka rasmi kama toleo la 1.0 mnamo Machi 2004. Sun nao wakasikia, na EJB 3.0 ya mwaka wa 2006 ikawa nyepesi zaidi. Leo mwandishi wa Java anaweka neno moja juu ya kipande chake cha msimbo na kipande hicho chote kinakuwa muamala.

Mimi hutumia neno hilo karibu kila siku. Ninachowaambia vijana wanaojiunga na kazi ni wasilitumie kama hirizi. Nyuma yake kuna lile daftari la Gray, na daftari hilo ni la hifadhidata moja. Likitoka nje ya hifadhidata hiyo, halina nguvu.

Pesa inapovuka mpaka

Hapo ndipo tunafika nyumbani.

Gray na wenzake walikuwa na njia ya kuunganisha hifadhidata mbili. Msimamizi anauliza kila upande, "uko tayari?" Wote wakisema ndiyo, anawaambia "tekelezeni." Ni ile ndoa tena. Lakini je, msimamizi akizimia baada ya wote kusema ndiyo? Wanabaki wamesimama pale, hawawezi kuoana wala kwenda nyumbani, na kila walichokishika hakuna mwingine anayeweza kukigusa. Ndani ya shirika moja unaweza kuvumilia. Kati ya mashirika mawili yasiyojuana, nani atakubali pesa zake zifungwe na seva ya mwenzake?

Januari 2007, Pat Helland, ambaye naye alikuwa amefanya kazi Tandem, alitoa andiko akisema waziwazi kwamba mifumo mikubwa sana haiwezi kuishi kwa muamala mmoja unaovuka mashine zote. Kila upande ulinde muamala wake mdogo, kisha wapelekeane ujumbe. Na kwa kuwa ujumbe unaweza kupotea, mtumaji atautuma tena. Basi mpokeaji awe tayari kuupata ujumbe ule ule mara mbili au tatu bila kuharibu hesabu.

Tarehe 6 Machi 2007, M-Pesa ikazinduliwa Kenya. Ilikuwa imejaribiwa tangu 2005 kwa mikopo midogo, watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wenyewe. Kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ulaya, hadi mwaka wa 2015 zilipohamishiwa hapa nchini. Fikiria njia hiyo: simu ya mkulima, mnara, bahari, seva, kisha kurudi. Njia kama hiyo lazima ikatike mara kwa mara. Ndiyo maana ule msimbo wa herufi na tarakimu kwenye ujumbe wako wa kuthibitisha si pambo. Ni jina la muamala huo mmoja, na hakuna mwingine wenye jina hilo.

Mwaka jana niliitwa kuangalia mfumo wa shule moja ya binafsi. Mzazi alilipa karo mara moja, mfumo ukamwandikia mara mbili. Mzazi mwingine alilipa, mfumo haukuandika kitu, na mtoto akatumwa nyumbani. Aliyeujenga alikuwa amefikiria siku ya jua tu: pesa zinalipwa, ujumbe unafika mara moja, basi. Nilipofungua kumbukumbu za seva nikaona ujumbe wa kwanza ulifika, seva ikachelewa kujibu, ujumbe ukatumwa tena, na kila mara salio likaongezwa. Wa mzazi wa pili ulikuja wakati seva imezimwa kwa matengenezo.

Dawa ilikuwa mistari michache. Kwanza, hifadhidata ikatazwe kupokea msimbo ule ule wa malipo mara mbili, na msimbo huo uandikwe ndani ya muamala ule ule unaoongeza salio. Ujumbe ukirudi, seva inajibu "nimepokea" na haiongezi kitu. Pili, kila usiku orodha ya shule ilinganishwe na orodha ya mtoa huduma, na tofauti yoyote ionyeshwe kwa mhasibu kabla ya asubuhi. Hakuna teknolojia mpya hapo. Ni Helland na Gray tu, ndani ya ofisi ya bursa.

Lakini yule mtoto alikuwa ameshakosa siku mbili za masomo. Hilo hakuna muamala wa kulirudisha nyuma.

Bado ni watu

Msidhani haya ni ya shule ndogo peke yake. Mnamo 1 Agosti 2012, Knight Capital, kampuni kubwa ya biashara ya hisa ya Marekani, iliweka programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilisahaulika, na msimbo wa zamani uliokuwa umelala ndani yake ukaamka na kuanza kununua na kuuza ovyo. Kwa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Mwaka uliofuata ilimezwa na kampuni nyingine. Vyuma vilikuwa vizima kabisa. Ilikuwa ile asilimia 42 ya Gray, miaka 27 baadaye.

Gray mwenyewe alipewa tuzo ya Turing, ambayo ni kama Nobel ya kompyuta, kwa mwaka wa 1998. Mnamo 28 Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake kwa mashua yake kwenda kumwaga majivu ya mama yake karibu na visiwa vya Farallon. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Hakurudi. Marafiki na watu wasiomjua walichunguza picha za setilaiti kwa maelfu wakitafuta mashua hiyo, na hawakuipata. Zilikuwa zimebaki wiki tano na siku mbili tu M-Pesa ianze kazi.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika programu za seva, kabla hamjabishana juu ya lugha ipi ni bora au fremuweki ipi ni mpya, fanyeni jaribio moja. Anzisha malipo kwenye mashine yako ya majaribio, na katikati yake uiue programu kwa ghafla, usiizime kwa upole. Iwashe tena, kisha tuma ujumbe ule ule mara tatu. Hesabu pesa. Kama jumla ni ile ile uliyoanza nayo, na kila shilingi ina mwenyewe, mfumo wako uko tayari kupokea karo ya mtoto wa mtu.

Kama si hivyo, usiuzindue Jumatatu.